Kishikwambi cha bei chee kwa kazi za kila siku, nakipimaje kabla siku za kurudisha hazijaisha?

kalamu_kavu

Wakuu habari za muda huu. Nimekaa hapa na boksi mezani nimelifungua nusu nusu kama mtu anayeogopa kuchana plastiki. Nimenunua tableti ya inchi 10, ya bei ya chini kabisa kati ya zilizokuwepo, kampuni siitaji maana hata mimi nilikuwa sijawahi kuisikia. Kazi zangu siyo kubwa, kusoma PDF (nyingi ni zile za kuskani), kuandika ripoti fupi fupi, kupigiana video na familia, WhatsApp, na usiku kuangalia kitu kimoja kabla sijalala. Gemu sichezi kabisa. Simu ninayo na ni nzima ila kioo chake kidogo, nikisoma PDF nusu saa macho yanawasha na kidole gumba kinauma kwa kuvuta ukurasa kulia kushoto kulia kushoto.

Sasa kwenye boksi wameandika RAM 8GB, memori 64GB, prosesa ya kore nane, Android 13, betri 7000mAh na full HD. Yaani kwa maandishi inaipita simu yangu ambayo bei yake ni zaidi ya mara tatu, na hilo ndo linanipa mashaka badala ya furaha. Muuzaji kanipa siku 14 za kurudisha, leo ni ya 3. Tafadhali msiniambie ninunue ile ya juu zaidi, hela ya ile ya juu ningekuwa nayo nisingekuja kuwasumbua. Ninachotaka ni namna ya kuipima hii hii niliyonayo, nijue nibaki nayo au niirudishe.

nusu_chaji

Rudisha. Haya nimemaliza 😂

Natania mkuu, nitarudi kwenye betri nikitulia, waache mafundi waanze.

fundi_wa_kona

Mkuu weka boksi pembeni kwanza, tuanze na kifaa chenyewe. Daunlodi CPU-Z au DevCheck, zote zipo Play Store na ni bure. Usiiamini ile sehemu ya Kuhusu kifaa kwenye mipangilio, pale mtengenezaji anaweza akaandika anachojisikia. Mimi nishashika moja imeandikwa Android 13 na alama yake ya mduara, kuchimba ndani API, yaani namba ya ndani ya toleo la Android, ni 29. API 29 ni Android 10. Android 13 ya kweli ni API 33 na 14 ni 34, kwahiyo namba ya kutazama ni hiyo ya API.

Halafu hiyo 8GB. Tafuta maandishi madogo ubavuni mwa boksi, nina uhakika utakuta 2+6 au 4+4 mahali. Namba ya kwanza ndiyo RAM. Ya pili ni kipande cha memori ya kuhifadhia kilichokopwa kijifanye RAM, na memori ya tableti za bei hii karibu zote ni eMMC, aina ya memori ya bei rahisi, ikiwa katika hali nzuri inasoma kama 250 mpaka 300MB kwa sekunde na kuandika inaandika chini ya hapo, wakati RAM halisi inahesabiwa kwa maelfu ya MB kwa sekunde. Ni kama una meza ndogo ukaambiwa una meza kubwa kwasababu ghala la nyuma ya nyumba nalo lina nafasi. Kweli lina nafasi, ila kila ukitaka karatasi unatoka nje. Na ile memori kila inapoandikwa inazeeka kidogo, kwahiyo hiyo RAM ya mkopo mimi huwa naizima kabisa kwenye mipangilio.

Kore nane nazo, yaani vile vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, zisikutishe wala zisikufurahishe. Kore aina ya Cortex-A53 ni muundo uliotangazwa 2012, zikiwa nane bado ni wazee wanane. Chip ya Unisoc T606 kwa mfano nayo ina kore nane, ila mbili ni A75 na sita ni A55, na hizo mbili ndo zinafanya utofauti wote kwasababu kufungua programu, kugeuza ukurasa wa PDF, kibodi kutokea, vyote hivyo vinategemea kore moja au mbili zenye nguvu, siyo wingi wao. Ukikuta kore zote zinafanana na ni A53 ujue utakuwa mtu wa kusubiri.

Kipimo cha RAM ninachokiamini mimi hakihitaji programu yoyote. Fungua kivinjari, ingia ukurasa wowote wenye fomu, andika nusu ya fomu usiitume. Toka, fungua PDF yako nzito kuliko zote, shuka mpaka katikati. Fungua kamera upige picha moja. Fungua WhatsApp. Halafu rudi kwenye fomu. Ukikuta maandishi yako yapo, RAM inatosha kwa kazi zako hata kama ni ndogo kwa namba. Ukikuta ukurasa unajifungua upya na uliyoandika yamefutika basi hivyo ndivyo itakavyokuwa kila siku, na mwakani itakuwa mbaya zaidi kwasababu programu zinanenepa. Fanya mara tatu siyo mara moja, na ufanye baada ya kuweka programu zako zote, tableti ikiwa tupu hata kimeo kinakimbia.

kalamu_kavu

Fundi shukrani, nimefanya. Aisee.

API ni 33 kweli, hapo hawajadanganya. RAM ni 2+6 kama ulivyosema, DevCheck inaonyesha jumla 1.9GB. Kore ni NNE, zote A55. Nane zimetoka wapi sijui, labda walihesabu na za kwenye picha. Na kioo kinasoma 1280 kwa 800. Fomu imefutika mara mbili kati ya tatu.

Lakini kiukweli nikisoma PDF moja peke yake bila kufungua kitu kingine inaenda vizuri tu, na WhatsApp inakubali niliiunganisha na ya kwenye simu kama kifaa cha pili. Ndo maana nachanganyikiwa, siyo mbaya kihivyo.

fundi_wa_kona

Kore nne A55 siyo aibu kwa kusoma, shida yako ni RAM 2GB. Google wenyewe kwa Android 13 ile nyepesi, wanaiita Go, wameweka 2GB kama kiwango cha chini kabisa cha kuanzia. Sasa wewe upo kwenye kiwango cha chini kabisa halafu angalia kama hata hiyo Go wamekuwekea au wamekupa Android nzima kwenye 2GB.

Hiyo full HD ni mchezo wa zamani. Wanamaanisha inaweza kucheza video ya full HD, hawamaanishi kioo kina nukta za full HD. Soma sentensi yao vizuri utaona neno inasapoti limekaa pale limejificha.

msoma_usiku

Naomba niingilie kwenye kusoma maana nyie mafundi mnahesabu kore tu na huyu kaka amesema kazi yake ya kwanza ni PDF.

Mimi nimesoma kwenye vishikwambi miaka sita, cha inchi 8, cha inchi 10, na kimoja cha umbo la mraba mraba. Kitu ambacho hakuna anayekuambia dukani ni umbo la kioo. Chukua rula upime. Cha inchi 10.1 cha umbo refu kama chako ukikisimamisha upana wa kioo ni kama milimita 136. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Maana yake ukurasa mzima ukikaa kwenye kioo unasinyaa unabaki asilimia 65 hivi, herufi iliyochapwa ukubwa wa 12 unaisoma kama ya 8. Inasomeka, lakini kwa nukta 1280 kwa 800 kingo za herufi zinakuwa na ukungu, ni kama nukta 149 kwa inchi moja tu. Kioo hicho hicho kingekuwa 1920 kwa 1200 ungepata kama 224 na macho yangepumzika. Cha inchi 8 usijaribu kwa A4, herufi ya 12 inakuwa ya 6, hapo unarudi kule kule kwenye simu na kuvuta kulia kushoto. Inchi 8 ni nzuri kwa vitabu vya EPUB ambavyo maandishi yanajipanga yenyewe, kwa PDF za kuskani hapana.

Ujanja wangu kwa kioo chenye nukta chache ni kukilaza. Kikilala upana unakuwa kama milimita 217, yaani A4 inakaa kwa ukubwa wake kamili, unasoma nusu ukurasa kisha unashuka. Macho yanafurahi sana. Na tafuta programu ya kusoma inayokata zile pembe nyeupe za ukurasa, kwenye PDF za kuskani pembe zinakula nafasi nyingi na ukizikata unapata ukubwa wa bure.

Vipimo vya kioo fanya hivi. Kiweke mezani ukitazame kwa ubavu, rangi zikigeuka kama picha ya negativu basi siyo IPS (kioo kinachoonyesha rangi sawa ukikitazama upande wowote), rudisha hata leo, usinisubiri. Kitoe nje mchana, vingi vya bei hii mwanga wake unaishia niti 250 hadi 300, ndani ya nyumba poa ila nje utajiona sura yako kuliko maandishi. Halafu zima taa usiku ushushe mwanga mpaka mwisho. Hiki wengi wanakisahau, mwanga wa mwisho wa chini wa vioo vingine bado ni mkali na vingine unachezacheza, kwa msomaji wa usiku hiyo ni sababu tosha ya kukirudisha. Mimi cha kwanza nilikirudisha kwa hilo tu, muuzaji aliniangalia kama nimechanganyikiwa.

Na jaribu PDF yako mbaya kuliko zote. Siyo ile ya kurasa kumi, ile ya kurasa 400 iliyoskaniwa kwa rangi. Geuza kurasa ishirini haraka haraka uhesabu ni mara ngapi unaona ukurasa mweupe unaosubiri.

kalamu_kavu

Dada hilo la kulaza sikuwa nalijua kabisa, nimelaza sasa hivi na ni kitu tofauti. Ubavuni rangi ziko sawa. Gizani mwanga wa chini hauchezi. PDF ya kurasa 312 nilisubiri ukurasa mweupe mara 7 kati ya 20, kila mara sekunde moja na ushee. Naweza kuishi na hilo? Nadhani naweza. Sina uhakika.

nusu_chaji

Nimerudi, nilisema nitarudi. Betri.

Namba ya mAh kwenye boksi usiiamini ila usiiache pia, ipige hesabu. 7000mAh zidisha kwa volti 3.8 hivi za betri unapata karibu Wh 27, yaani wati kwa saa. Chaja waliyokupa angalia maandishi yake, kama ni 5V 2A hiyo ni wati 10. Wh 27 kwa wati 10 ni saa 2.7 kama hakuna kinachopotea, na kinapotea, joto lile unalolisikia mgongoni mwa tableti ndo chaji inayopotea, halafu ikikaribia kujaa inapunguza mwendo. Kwahiyo betri ya kweli ya 7000 kwa chaja hiyo itachukua saa 3 na nusu au 4 kutoka sifuri. Ikijaa kwa saa mbili usishangilie eti ina chaji ya haraka, hiyo ni betri ya 4000 iliyovaa koti la 7000. Chaja ikiwa ya 5V 1A zidisha muda mara mbili, hapo ni kuchaji ukiwa umelala.

Upande wa kutumia: washa video uliyokwisha daunlodi, mwanga nusu, wifi imewashwa, saa moja kamili. Angalia imekula asilimia ngapi. 10 au 12 ni sawa, utapata saa nane mpaka kumi. Ikila 20 ina maana saa tano ikiwa MPYA, na betri za lithiamu zinapungua uwezo kila ukizunguka, mwaka wa pili utakuwa unaishi karibu na soketi. Na iache usiku mzima bila kuitumia na bila chaja. Ikipoteza asilimia 2 mpaka 4 hamna neno. Ikipoteza 15 kuna kitu ndani kinafanya kazi usiku bila kukuomba ruhusa.

Tundu la chaji ni aina gani? Kama ni lile la zamani la micro-USB mimi ningerudisha kwa hilo peke yake, siyo kwa ushamba, ila lile tundu ndo kitu cha kwanza kulegea.

kimya_kingi

Hiyo ya "kitu kinafanya kazi usiku" isiishie kwenye utani. Huwa sichangii sana ila hapa nachangia.

Fungua Play Store, bonyeza picha yako, mipangilio, kuhusu, shuka mpaka uone cheti cha Play Protect, ulinzi wa Google wenyewe. Lazima iseme kifaa kimeidhinishwa. Isiposema hivyo usiingize akaunti ya benki, usiingize barua pepe yako ya kazi, rudisha. Kuna vifaa vya Android vya bei ya kutupa vinatoka kiwandani vikiwa na programu za wizi ndani ya mfumo wenyewe. Mwaka 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu mtandao wa namna hiyo unaoitwa BADBOX 2.0, vingi vilikuwa visanduku vya TV na vifaa vingine vya majumbani vya majina yasiyojulikana, vingine vimeambukizwa kabla ya kununuliwa, vingine vinaambukizwa wakati mtu anaviseti kwa kudaunlodi programu alizoambiwa ni za lazima. Kurisiti, yaani kukirudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, hakusaidii kama uchafu upo kwenye mfumo, unafuta vyako tu, wao wanabaki.

Kingine angalia tarehe ya apdeti ya usalama kwenye mipangilio. Usiulize wameahidi nini, angalia tarehe. Ikiwa ya mwaka juzi na kitufe cha kutafuta apdeti kinasema uko sawa, basi hiyo ndo apdeti ya mwisho utakayoiona maishani.

kalamu_kavu

Cheti kipo, kimeidhinishwa. Tundu ni USB-C. Tarehe ya usalama ina miezi 19 😬 na kitufe kinasema niko sawa.

mzee_wa_mitumba

Vijana mnateseka bure. Kwa hela hiyo hiyo mnanunua kilichotumika cha kampuni inayoeleweka, kioo cha maana, spika za maana, mnaishi kwa amani. Mimi tangu nianze kutumia hivi vidude sijawahi kununua kipya na sijawahi kujuta.

nusu_chaji

Mzee heshima yako lakini betri ya mtumba inakuwa imeshakula chumvi. Mwenzio anauza kwasababu anajua.

mzee_wa_mitumba

Wengine wanauza kwasababu wamenunua kingine tu mwanangu, siyo kila anayeuza ni mwizi. Ila sikatai, mtumba una masharti yake na nitakupa hapa hapa ili usiseme mzee alikuacha.

Sharti la kwanza kifaa kifunguliwe akaunti mbele yako. Android tangu 5.1 ya mwaka 2015 ina kufuli, ukirisiti bila kutoa akaunti ya mwenyewe kinakuomba nywila yake. iPad nayo ina kufuli la namna hiyo hiyo. Kwahiyo muuzaji atoe akaunti, arisiti, wewe ukiwasha mwanzo mpaka mwisho ukione kinakubali akaunti yako, ndo mkono uende mfukoni. Vile vilivyokuwa vya ofisi au shule vinaweza kuwa na usimamizi wa mbali, vinakubali akaunti yako leo, kesho vikiunganishwa intaneti vinakuambia ni mali ya taasisi. Kwahiyo fanya hayo yote ukiwa na intaneti.

Sharti la pili ujue mwisho wake wa apdeti. iPad ya kizazi cha 7 ya mwaka 2019 imeishia iPadOS 18, ya kizazi cha 8 ya mwaka 2020 imevuka mpaka 26. Kwa macho zinafanana kabisa, bei zake nazo wakati mwingine zinakaribiana, mtu asiyejua anachukua ile iliyosimama. Na iPad hizo umbo lake ni nne kwa tatu, yule binti wa PDF atakuambia ukurasa unakaaje.

Sharti la tatu kilaze mezani kioo juu. Kikiyumba kama kiti kibovu mgongo umevimba, betri imevimba, usikinunue hata kwa bure, ni kitu cha hatari.

msoma_usiku

Baba hapo kwenye umbo uko sahihi. Inchi 10.2 ya nne kwa tatu upana wake ni kama milimita 155, ila urefu ndio unabana, kwahiyo A4 nzima inakaa kwa asilimia 70 hivi badala ya 65. Kwa namba inaonekana kidogo, kwa macho ni kitu kikubwa. Ila kaka ameshanunua kipya na ana siku za kurudisha, mtumba nani atampa siku 14?

mzee_wa_mitumba

Hapo sina jibu.

fundi_wa_kona

Kabla hajaamua kuna vitu vya dakika tano tano amalizie.

Memori: 64GB ukifungua utakuta mfumo umeshakula sehemu, hiyo kawaida. Kinachotakiwa ni kujua iliyobaki ni ya kweli. Jaza mafaili makubwa, video mpaka ibaki kama GB 5, kisha fungua faili la kwanza na la mwisho. Yote yakicheza ni ya kweli. Kadi ya memori utakayoongeza ipime hivyo hivyo, au kwenye kompyuta tumia H2testw au F3, zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kadi feki inakubali kila unachoweka, siku ya kusoma ndo unajua ilikuwa inaandika juu kwa juu. Na usiishi kwenye memori iliyojaa, eMMC ikijaa inakuwa konokono, acha sehemu ya kumi au zaidi ikiwa wazi.

Tachi: kwenye chaguo za wasanidi (developer options) kuna kipengele cha kuonyesha mahali kidole kilipo, washa, kisha chora mistari ya mshazari taratibu kona hadi kona. Mstari ukikatika au ukiyumba kama ngazi, kuna sehemu ya kioo haisikii vizuri na kibodi itakutesa hapo hapo.

Wifi: kama inaona mtandao wa 2.4GHz tu na haioni 5GHz, kwenye jengo lenye ruta nyingi video zitakuwa zinakatakata na utalaumu intaneti yako bure.

Filamu: kama una huduma ya kulipia mfano Netflix, fungua programu ya DRM Info uangalie Widevine, kufuli la kulinda filamu zisiibiwe. L1 safi. L3 maana yake filamu zinakuja kwa ubora wa chini, kama 480p, hata kioo kingekuwa kizuri vipi. YouTube haihusiki na hilo.

Simu za video: mpigie mtu umuulize ANAKUSIKIAJE, siyo wewe unamsikiaje. Maiki ndo sehemu wanayobana hela kuliko zote na mwenye tableti ni mtu wa mwisho kujua.

kalamu_kavu

Wakuu leo ni siku ya 9, narudi na majibu maana najua inavyoudhi mtu akisaidiwa halafu akapotea.

Memori ya kweli. Tachi ilikuwa sawa isipokuwa kona ya chini kulia mstari unaruka. Wifi 2.4 tu. Widevine L3. Betri ilijaa kwa saa 2 na dakika 40 kwa chaja ya wati 10, kwahiyo kwa hesabu za nusu_chaji siyo 7000, ni 5000 na kitu. Usiku ilipoteza asilimia 3. Kwenye simu ya video ndugu yangu alisema nasikika kama niko ndani ya ndoo, na mimi wiki nzima nilikuwa najisifu sauti ni safi.

Kilichoniamulisha lakini siyo hayo. Juzi nilikuwa naandika ripoti, ukurasa mmoja na nusu, kwenye kivinjari. Ikaingia simu ya video, nikaongea dakika nne, kurudi ukurasa umejifungua upya na aya mbili zimeenda na maji. Ile ile fomu ya fundi, ila sasa ni kazi yangu kweli. Betri ningevumilia, kioo ningekilaza, L3 hata isingenisumbua, aya zangu hapana.

Nilienda kwa muuzaji na picha za skrini za DevCheck zikionyesha kore nne pembeni ya picha ya boksi lenye nane. Hakubishana hata. Sikuchukua hela, nimeongeza kidogo nikachukua nyingine ya RAM 4GB ya kweli, chip ni T606, kioo 1920 kwa 1200, boksi lake halina makeke hata kidogo, limeandika 4GB tu bila kujumlisha chochote. Nimeipima kabla ya kutoka dukani, fomu mara tano, mara tano imebaki. Muuzaji alikuwa ananiangalia kama yule wa dada msoma_usiku alivyoangaliwa. L1 ipo, 5GHz ipo. Apdeti ya usalama ni ya miezi 4 iliyopita. Kamera ni chenga tupu lakini sikununua kamera.

Ukurasa mweupe sasa ni mara 1 kati ya 20, faili lile lile la kurasa 312.

Swali dogo tu la mwisho, nimeunganisha kibodi ya bluetooth niliyokuwa nayo, inaandika vizuri ila nikibonyeza alama ya @ inatokea alama ya kufungulia na kufunga maneno, na nikitaka hiyo ya maneno inatoka @. Kibodi imeharibika?

nusu_chaji

haijaharibika, ni nzima hiyo. Kibodi yako imechorwa kwa mpangilio wa Marekani na tableti inadhani ni ya Uingereza, hizo alama mbili zimebadilishana nafasi kwenye mipangilio hiyo miwili. Ingia mipangilio, mfumo, kibodi, kibodi halisi, gusa jina la kibodi yako uchague Kiingereza cha Marekani. Kibodi iwe imeunganishwa wakati huo la sivyo jina lake hulioni.

kalamu_kavu

Imekubali. @@@@@ 😂 asanteni.